Usiiamini namba ya HA peke yake: nilivyochoma wiki tatu na tyubu moja ya virusi vya mafua

Hii nawaandikia nyie mnaoanza kazi maabara ya mafua, hasa wale ambao siku ya kwanza umeonyeshwa freeza ukaambiwa "stoki ziko humo" halafu aliyekuonyesha akapotea zake. Mimi ndo nilianza hivyo hivyo.

Kulikuwa na tyubu moja kubwa, ya wote, kila mwenye shida anaitoa, inayeyuka, anachota zake, anairudisha kwenye baridi. Nami nikaitoa, nikapima HA, kile kipimo cha kuona virusi vinavyoshikanisha damu, nikapata 128, nikafungua daftari la zamani nakuta mwaka uliopita nayo ilikuwa 128, nikasema basi, mzigo uko fiti. Nikaweka kwenye seli. Kimya. Siku ya pili, siku ya tatu, seli zinapeta tu kama hakuna kilichotokea. Nikalaumu seli, nikabadilisha midia, nikaisingizia mpaka inkubeta, wiki tatu zimekatika ndo mzee mmoja wa kazi akaniuliza swali moja tu: hiyo tyubu imeshayeyushwa mara ngapi?

Hakuna aliyekuwa anajua.

Sasa sikiliza, kirusi cha mafua kimejaa protini inaitwa hemaglutinini kwenye ngozi yake ya nje, hiyo inashika sukari ya asidi ya sialiki iliyopo juu ya seli nyekundu za damu. Kirusi kimoja kinashika seli hii na ile, vikiwa vingi inatokea kama nyavu, seli zinashindwa kushuka chini. George Hirst aliliona hili mwaka 1941, mshipa wa kijusi cha kuku ulichanika damu ikaingia kwenye majimaji yenye virusi, akaona seli zinashikana mabonge. Mpaka leo tunazimua sampuli nusu kwa nusu kwenye pleti, tunaweka damu, na shimo la mwisho ambalo nyavu imekamilika ndo taita yako, yaani umezimua mara ngapi, kama ile 128 yangu. Rahisi, bei chee, na jibu unalo ndani ya saa moja.

Ila kirusi kilichokufa bado kina mikono! Kuganda na kuyeyuka kunakiharibu kisiweze kuambukiza seli, lakini hemaglutinini inabaki inashika damu vizuri tu. Kwa hiyo HA inahesabu mikono, haihesabu uhai. Hata PCR, kile kipimo cha jeni, ni hivyo hivyo, inakuhesabia vipande vya jeni, haijali vimetoka kwa kirusi mzima au maiti. Ukitaka kujua walio hai lazima uhesabu plaki, yale matundu kirusi kinayoacha kwenye seli kikiziua, au upime TCID50, dozi inayoambukiza nusu ya mashimo ya seli, ile ya kupiga hesabu kwa njia ya Reed na Muench ya 1938, inachosha na inachukua siku kadhaa najua, lakini pima stoki ikiwa mpya halafu pima tena tyubu moja baada ya kuigandisha, hapo ndo unajua kweli una nini mkononi.

Na HA yenyewe ina vituko vyake. Usisome pleti kwa kuichungulia tu kwa juu, iinamishe kidogo, damu ambayo haijashikwa inateleza kama chozi, iliyoshikwa haisogei. Damu ya kuku inashuka kama nusu saa, ya nguruwe wa Guinea inataka kama saa nzima, usichanganye muda wake. H3N2, aina moja ya mafua ya msimu, za miaka ya karibuni nyingi hazitaki damu ya kuku, unaweza kupata sifuri ukadhani hakuna kirusi kumbe umechagua damu siyo. Halafu ukienda kunywa chai ukachelewa, kirusi kina enzaimu yake ya neuraminidase ambayo inakata ile sukari, seli zinaachiwa zinashuka, unasoma taita ya uongo. Na shimo la kontroli lenye damu tupu usiliruke hata siku moja, likigoma kushuka pleti yote tupa.

Kuhifadhi sasa. Gawa stoki kwenye vityubu vidogo vidogo SIKU ILE ILE, kimoja kinatosha kazi moja, kikitoka hakirudi. Iwe nyuzi -70 kushuka chini. -20 achana nayo, na zile freeza zinazojiyeyusha barafu zenyewe ndo mbaya zaidi maana sampuli inapanda na kushuka joto wewe umelala. Sampuli ya mgonjwa ambayo itapimwa ndani ya siku mbili tatu, iache kwenye nyuzi 4, usiigandishe ukaiyeyusha bure. Ukisafirisha kwa barafu kavu funga mifuniko kisawasawa, ile gesi ya kaboni dioksidi inayotoka kwenye barafu hiyo ikiingia kwenye tyubu inaleta asidi na virusi vya mafua asidi haviiwezi. Ila boksi la nje liache lipumue, ukiliziba linaweza kupasuka.

Leba, zile karatasi za jina juu ya tyubu... hapa naweza kuongea mpaka kesho. Jina la kirusi liandike lote, aina, mahali, namba, mwaka, kama A/California/7/2009, pamoja na tarehe na paseji, yaani kimekuzwa upya mara ngapi, na kama ni kwenye yai au kwenye seli, maana kirusi kikizoea yai hemaglutinini yake inaweza kubadilika na ukakilinganisha na cha seli ukajichanganya mwenyewe. Tumia leba za baridi kali, peni ya kawaida inafutika ukishika na glavu yenye spiriti. Nimeshawahi kukuta boksi zima tyubu zimeandikwa "FLU mpya", mpya ya lini sasa?

Haya yote naongelea mafua ya msimu, kwenye maabara ya usalama daraja la 2, kazi ndani ya kabineti na chanjo kila mwaka. Ya ndege kama H5N1 ina maabara zake na watu wake, usijaribu.

Ile tyubu kubwa niliiua mwenyewe kwa otoklevu, ile mashine ya mvuke mkali. Siku hizi mlangoni kwa freeza kuna karatasi, ukitoa kityubu unakata mstari na unaweka jina lako, na wanaosahau nawajua.