Ubongo wangu ulikuwa ukingoja kuambiwa utafute nini

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kakamega aliniandikia: "Dada, ulifanyaje mpaka ukapita? Mimi nikifungua kitabu cha uhasibu, dakika tano tu mawazo yashafika Mumias." Nilikuwa steji ya Kondele nikingoja matatu, na machozi yakanilengalenga. Matokeo yalikuwa yametoka Ijumaa. Nimepita karatasi ya ripoti za fedha katika mtihani wa uhasibu, ile iliyoniangusha mara mbili.

Zile mara mbili sijawahi kuzisimulia hapa.

Nilikuwa nauza katika duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Kibuye. Kitabu kilikaa chini ya kaunta, kando ya daftari la madeni. Mteja akitoka nasoma mistari mitatu, simu inalia, narudi mstari wa kwanza. Jumapili soko likifurika, spika za wahubiri upande huu, makanga upande ule. Siku moja mteja aliagiza kilo mbili za misumari ya inchi nne na kilo moja ya misumari ya mabati. Nikampimia yote ya mabati. Jioni alirudi na fundi wake, wote wamefura kwa hasira. Tajiri wangu akaniambia mbele yao kwamba kichwa changu ni chujio, hakishiki kitu. Ni miaka mitatu sasa na neno hilo bado linaniuma. Nilipofeli mara ya pili, nililiamini.

Aliyenitoa huko ni mdogo wangu anayesomea udaktari Maseno. Alinieleza kazi ya Robert Desimone, mtafiti wa ubongo wa chuo cha MIT, Marekani. Mwaka 1985, yeye na Jeffrey Moran walipima seli za ubongo wa nyani. Vitu viwili vikiwa ndani ya eneo ambalo seli moja hulitazama, seli ile hujibu kana kwamba kipo kile tu mnyama anachokizingatia, kingine huchujwa. Nilimwomba arudie. Kumbe kichwa kinachochuja ndicho kinachofanya kazi yake! Nilitamani tajiri yule angekuwepo asikie.

Halafu akanipa jaribio la 2014, la Desimone na Daniel Baldauf. Watu walionyeshwa picha ya uso na ya nyumba zikiwa zimepachikwa moja juu ya nyingine, wakaambiwa wafuate uso tu, au nyumba tu. Sehemu ndogo ya ubongo wa mbele ilianza kupiga mapigo pamoja na eneo linalotambua nyuso, au lile linalotambua mahali, kulingana na agizo. Na ile ya mbele ndiyo iliyotangulia, kwa milisekunde 20 hivi, kama mama anayeanzisha wimbo kanisani na wengine wakaitikia.

Hapo ndipo nilipoliona kosa langu. Wale watu waliambiwa watafute nini. Mimi nilikuwa najiambia "nasoma", basi.

Nikaanza kuandika swali moja kwenye karatasi kabla ya kugusa kitabu. La kwanza bado liko ukutani kwangu: "Kwa nini uchakavu wa gari unarudishwa juu ya faida tunapotafuta pesa taslimu?" Nilisoma nikilisaka jibu hilo peke yake, saa kumi alfajiri, simu ikiwa jikoni ndani ya sufuria. Nikalipata: uchakavu hupunguza faida vitabuni tu, hakuna shilingi iliyotoka mfukoni. Miezi iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, alfajiri baada ya alfajiri.

Ndugu zangu, tuache kujiita wajinga. Andika swali. Weka simu mbali. Swali moja, si matano. Na asikuambie mtu kwamba umeumbwa bila umakini. Unaupa ubongo wako kazi gani kila asubuhi? Unauambia utafute nini? Mzazi, usimwite mtoto kichwa maji kwa sababu anatazama dirishani. Muulize anatafuta nini kwenye ukurasa ule, na kama hajui, kaa naye mlitafute swali pamoja.

Dada wa Kakamega, kesho usifungue kitabu kabla hujaandika swali lako. Nitumie picha ya hiyo karatasi.