Nyasi zimejaa alalili, ni sheria au ni mvua?

SWALI: Shikamoo mhariri. Huku kwetu Longido kijiji kilifunga alalili, yaani malisho ya akiba, misimu miwili, ukikamatwa na ng'ombe mle ndani ni faini, sasa nyasi zimefika magotini na viongozi wanatembea kifua mbele eti sheria imefanya kazi. Mi nauliza, si mvua nayo ilinyesha balaa? Tutajuaje nani kazirudisha?
Mfugaji, Longido

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Kwa nchi kavu kama hiyo mvua ndo bosi, hata Turkana kusini kule Kenya watafiti James Ellis na David Swift waliandika mwaka 1988 kwamba ukame unaamua hali ya malisho kuliko wingi wa mifugo. Kwa hiyo kulinganisha mwaka huu na mwaka juzi peke yake ni kujidanganya, we vuka mpaka wa alalili uende pale pasipofungwa, udongo uleule mvua ileile, upime kote kote, na kama huko nje nako nyasi zimejaa vilevile basi sheria haina cha kujivunia.

Kupima sio mpaka aje mtaalamu. Gonga fremu ya mbao nusu mita kwa nusu mita, itupe sehemu kama 20 bila kuchagua (tusidanganyane, mkono huwa unapenda penye nyasi nzuri), kata, anika mpaka zikauke kabisa, weka kwenye mizani. Wastani ukiwa gramu 50 hiyo ni kilo 2,000 kwa hekta. Ng'ombe wa kilo 250 anakula kama kilo 6 za nyasi kavu kwa siku, ukiacha nusu ibaki kulinda ardhi basi hekta moja inamlisha siku 160 na kitu. Halafu tembea hatua 100, kila hatua angalia ncha ya kiatu imegusa nini, nyasi za kudumu, za msimu, magugu au udongo mtupu, maana kijani sio malisho. Picha ya setilaiti inaona kijani tu, kule Baringo, Kenya, mti wa miiba uitwao mathenge ni kijani mwaka mzima na ng'ombe hana pa kuweka mdomo.

Na hapa ndo viongozi huwa wanaruka: imegharimu nini? China kuanzia 2011 hadi 2015 wafugaji walilipwa yuan 6 kwa mu moja wasichunge, mu 15 ndo hekta, yaani yuan 90 kwa hekta kila mwaka, kwa hiyo lazima uulize kila yuan imeleta nyasi kiasi gani. Nyie hamkulipwa, mmelipa kwa maziwa yaliyokosekana na kwa mwendo mrefu, na kama ng'ombe wenu walihamia kwa jirani wakamkwangulia malisho yake, hiyo hasara itoe kwenye faida yenu kabla hamjashangilia.

Ila wahi kupima, wakishafungua wiki moja tu fremu yako itakuwa inapima mavi.