Mzee akibadilika ghafla, msisubiri homa

Kwetu Wete, mzee akisema mwili hauna raha, kwanza huwekwa mkono kwenye paji la uso. Akiwa hana moto, huambiwa ni uzee tu. Mimi naishi na bibi yangu, aliyepita miaka 80, na nawaomba wenye wazee tuiache tabia hii.

Homa huletwa na chembe nyeupe za damu zinapokutana na vijidudu na kuupa ubongo taarifa upandishe joto. Kwa mzee taarifa hiyo huwa dhaifu. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi inayozikuza seli T, aina ya chembe nyeupe, mpaka zijue kumtambua adui. Husinyaa tangu ujanani, na uzeeni sehemu kubwa yake imeshageuka mafuta. Seli zinazokumbuka maradhi ya zamani bado zipo. Zinazoadimika ni seli mpya za kukabili kijidudu kigeni. Hata chembe zinazotangulia kufika penye maambukizi huchelewa, na nguvu zake za kuua hupungua. Kwa hiyo nimonia yaweza kumwingia mzee bila homa kali, pengine bila hata kikohozi.

Masika iliyopita bibi aliamka akaniita kwa jina la mdogo wake, marehemu. Uji hakuugusa, naye ndiye anayegomba ukichelewa. Kipimajoto kilionyesha 37.3. Jirani akasema, “Hana homa huyo, mwacheni apumzike.” Lakini huwa nampima akiwa mzima na kuandika kwenye daftari, na joto lake la asubuhi ni 36. Pumzi nazo zilikuwa za haraka. Spitali wakampima malaria, hana, tukaambiwa turudi nyumbani. Nikawaomba wamsikilize kifua kwanza. Ilikuwa nimonia.

Basi mpimeni mzee wenu akiwa mzima, muandike. Joto likizidi lile lake la kawaida kwa nyuzi 1 na kitu, au akianza kuchanganya maneno, kuanguka, kukataa chakula au kujikojolea ghafla, mpelekeni siku hiyo hiyo. Kukosa malaria si kukosa maradhi. Na msimpe vidonge vya antibayotiki vilivyobaki kabatini.

Mkanda wa jeshi nao msiukalie na dawa za kupaka. Ni kirusi kile kile cha tetekuwanga ya utotoni, kilichojificha kwenye mishipa ya fahamu mpaka kinga ikalegea. Dawa zake hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele utoke. Wajukuu wenye mafua wamwamkie bibi kwa mbali kidogo, hatakasirika akielezwa. Maji mpeni bila kungoja aombe, kwani kiu yake nayo imepungua.

Mkifika kwa daktari, msiseme “amechoka tu.” Semeni: jana alitoka mwenyewe mpaka barazani, leo hawezi kukaa kitako.