Maswali yenu: kulinganisha tamaduni

Nimekusanya taarifa za makabila 30 ya wafugaji. Karibu yote mahari ni ng'ombe. Si ushahidi tosha kwamba ufugaji ndio unaoleta desturi hiyo? (Mwanafunzi, Dodoma)

Bado. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Edward Tylor aliwasomea wanaanthropolojia wa London hesabu zake za ndoa na ukoo kutoka jamii kama 350. Francis Galton akamuuliza: ngapi kati ya hizo zilijianzia desturi zenyewe, na ngapi zimeigana au zimetoka shina moja? Swali hilo halijaacha kuwasumbua watafiti. Wamaasai, Wasamburu na Waarusha wote husema Kimaa, kwa hiyo ukiwaandika mara tatu umehesabu ndugu. George Murdock na Douglas White walipochagua jamii 186 mwaka 1969, walizitawanya dunia nzima kwa makusudi. Nawe chuja orodha yako, ubakize jamii moja katika kila kundi la lugha.

Sina nauli ya kwenda mbali. Nikilinganisha majirani inakubalika? (Kitale)

Inakubalika sana, na mimi ndiyo njia ninayoipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kundi la watafiti la mwanaanthropolojia Walter Goldschmidt lilikwenda kwa Wahehe, Wakamba, Wapokot na Wasebei (wawili wa mwisho ni majirani zako). Katika kila kabila walichagua eneo la wakulima na eneo la wafugaji: lugha ile ile, kazi mbalimbali, hivyo tofauti wanayoiona si rahisi kuisingizia asili ya kabila. Robert Edgerton, aliyewahoji, aliwakuta wafugaji wakisema yao waziwazi, wakulima wakiweka kinyongo moyoni.

Dodoso la Kiingereza nilitafsiri mwenyewe, inatosha? (Morogoro)

Hapana. Mpe mtu ambaye hajaliona la awali alirudishe kwenye Kiingereza, kisha linganisha.

Ile michezo ya kugawana pesa inapima nini hasa? (Mombasa)

Unapewa pesa umgawie usiyemjua. Akikataa fungu lake, nyote mnakosa. Joseph Henrich na wenzake waliuchezesha katika jamii ndogo 15, wakiwemo Wahadza. Wamachiguenga wa Peru walitoa kama robo tu. Kwa Waau na Wagnau wa Papua New Guinea, wapo waliokataa hata zaidi ya nusu, maana kwao zawadi kubwa usiyoiomba ni deni. Na Waorma wa Kenya, walipoelezwa mchezo wa kuchangia mfuko wa pamoja, waliutambua mara moja: hii ni harambee! Basi watu huingia mchezoni na maisha yao ya kila siku. Namba peke yake haitakuambia hayo. Mchezo ukiisha, kaa na wachezaji uwaulize kwa nini walitoa walichotoa.