Bakteria wa Tumbo: Hatari Yako Ikoje?

Nimepima choo nikakutwa na H. pylori. Nitapata saratani?

Wengi hawapati. Katika watu 100 wenye bakteria huyu, kama 10 hupata vidonda vya tumbo, na saratani ya tumbo huwapata 1 hadi 3. Lakini karibu kila aliye naye ukuta wa tumbo lake umevimba, aumwe asiumwe. Kwa hiyo usipime hatari kwa maumivu. Uvimbe ukidumu miaka mingi, tezi za asidi hufa na ukuta hukonda, kisha huota chembe zinazofanana na za utumbo. Mabadiliko hayo mawili ndiyo ya kutafutwa.

Yanatafutwaje?

Kwa endoskopi, yaani kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni hadi tumboni, na kukata vipande vidogo vya ukuta wa tumbo. Kimoja hakitoshi, kwa sababu uharibifu huja kwa mabaka: hapa pazima, pembeni pamekwisha. Vikatwe vitano: viwili sehemu ya chini karibu na mlango wa utumbo, kimoja kwenye pindo la tumbo, viwili sehemu ya kati. Hivi viwili vya mwisho vikae chupa yao. Vikichanganywa na vya chini, maabara haiwezi kupanga daraja la uharibifu, ambalo huanzia 0 hadi 4. Likiwa la 3 au la 4, rudia endoskopi kila miaka 3, hata kama bakteria ameshatoka. Tafadhali muulize daktari wako daraja lako. Ripoti iliyoandikwa "tumbo limevimba" tu haijakujibu.

Nilimeza dawa siku 7, nikapata nafuu, nikaacha.

Nafuu hiyo yaweza kuwa ya omeprazoli, inayopunguza asidi. Dozi inayopendekezwa mara nyingi ni siku 14, na ukiikatiza bakteria wanaobaki ni wale sugu. Rudi kwa daktari akupangie upya. Ukimaliza antibiotiki, subiri wiki 4 ndipo upime tena, na omeprazoli uwe umeiacha wiki 2. La sivyo utaambiwa huna wakati unaye. Pima choo au pumzi. Kipimo cha damu hakifai hapa, maana kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi ya bakteria, hubaki muda mrefu baada ya kupona.

Lini nisisubiri?

Ukitapika damu, ukipungua uzito bila sababu, chakula kikikwama, damu ikipungua, au choo kikiwa cheusi na cha kunata kama lami. Vidonge vya kuongeza damu navyo hukifanya choo kiwe cheusi, ila hakinati hivyo. Na kama mzazi au ndugu yako wa damu aliugua saratani ya tumbo, nenda ukapimwe hata kama huumwi.