Nilipata sapu ya fizikia. Mdogo wangu wa CBG, soma hii

Juzi usiku nilipokea ujumbe wa binti wa mwaka wa kwanza. Amesoma CBG (kemia, biolojia na jiografia), hajagusa fizikia tangu kidato cha nne, na shahada yake ya kilimo inamtaka afaulu kozi moja ya fizikia. Kozi wak yake, yaani alama za kazi na majaribio ya muhula, ni 14 kati ya 40. Ameniuliza, "Dada, hivi sisi wa CBG hii kozi tunaipitaje?" Nikaanza kumjibu kwenye simu, kuja kushtuka ni saa saba usiku. Basi jibu naliweka hapa, maana najua hayuko peke yake.

Mimi nilikuwa na 13, na mwisho wake nikapata sapu, yaani mtihani wa kurudia.

Nimezaliwa Tukuyu, mama ana ng'ombe wawili wa maziwa, na nilikwenda chuo Mbeya kusomea mambo ya chakula kwa sababu ya hao ng'ombe. Nilijua nitakutana na kemia na vijidudu. Fizikia sikuitarajia. Wiki ya tatu mkufunzi alichora ndoo juu ya meza, akaweka mshale mmoja kwenda chini na mwingine kwenda juu. Nikanyoosha mkono. Niliuliza kwa nini ndoo ambayo haiendi popote tunaichorea kani mbili. Ukumbi ulikuwa na watu zaidi ya mia. Akasema hilo ni swali la kidato cha pili, na kwamba watu wa CBG tulipotea njia kuja pale. Ukumbi mzima ukacheka. Sikunyoosha mkono tena muhula mzima. Miaka sita imepita na bado naisikia ile kelele.

Na swali langu lilikuwa zuri! Ndilo lango la kozi nzima. Ndoo imetulia kwa sababu dunia inaivuta chini na meza inaisukuma juu kwa kiasi kilekile, kani zinafutana. Ukilielewa hilo, theluthi ya kwanza ya kozi imefunguka. Mimi sikulielewa, nikakariri. Nilikuwa na daftari la fomula limepambwa kwa kalamu za rangi, nadesa mpaka usiku wa manane kwenye vimbweta, zile meza za zege za nje, na blanketi mabegani, mnaijua baridi ya Mbeya. Nikaingia kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula, na fomula zote kichwani. Nikatoka na sapu.

Wenzangu wakaenda fildi, mafunzo kwa vitendo, mimi nikabaki kwenye chumba cha kupanga Ilomba. Mama nilimwambia nimebaki kwa kazi ya chuo. Huo uongo ulinisumbua kuliko sapu yenyewe.

Aliyeniokoa ni kaka yangu, dereva wa semi, elimu yake darasa la saba. Alipita Mbeya akielekea Tunduma, akanikuta nalia juu ya karatasi ya nishati. Akaniuliza swali linasemaje. Nikamsomea Kiingereza chake. Akasema, "Sasa niambie kwa Kiswahili, ni kitu gani kinatokea hapo?" Nikakosa la kusema. Nilikuwa na fomula tatu za swali lile na sikujua kinachotokea.

Swali lilihusu gari linaloshuka mlima kwa mwendo uleule. Kaka akacheka. Akaniambia Kitonga ukiishuka kwa breki tupu, breki zinanuka, zinatoa moshi, halafu zinakataa, ndiyo maana unashuka na gia nzito, injini ikushike. Nikapiga hesabu mbele yake. Semi la tani 40 likishuka kimo cha mita 100 linaachia nishati ya jouli milioni 39 na ushee: kilo 40,000 mara 9.8 (mvuto wa dunia) mara 100. Mwendo hauongezeki, kwa hiyo nishati hiyo yote lazima iende mahali, na sehemu kubwa inakuwa joto. Nikaendelea, maana nilikuwa nimewaka: joto hilo lingeweza kuchemsha ndoo sita za lita ishirini, kutoka maji ya bomba mpaka yanatokota. Kaka alinyamaza. Akasema, "Ndoo sita, kwenye breki zangu?" Siku hiyo ndiyo niliyoanza kusoma fizikia.

Kwa hiyo la kwanza, mdogo wangu: kabla hujagusa fomula, simulia kwa Kiswahili, au kwa Kinyakyusa, au Kihehe, lugha yoyote unayoiota. Nini kinasukuma nini? Nini kinaongezeka? Andika sentensi mbili. Kisha chora. Hata swali likionekana dogo, chora mishale yote. Mtihani ni wa Kiingereza, sawa, lakini kutafsiri kitu unachokielewa ni kazi ya dakika moja.

La pili ni hesabu. Wengi wetu hatufeli fizikia, tunafeli sine na cosine za sekondari. Mimi nilitumia wiki mbili kurudia pembetatu na kuhamisha herufi kwenye mlinganyo. Sina la kusimulia kuhusu wiki hizo, zilikuwa kavu, lakini zifanye.

La tatu, pepa za nyuma. Zifanye umefunga majibu, ukosee, ndipo ufungue. Kusoma jibu la mwenzako ukatikisa kichwa hakukufundishi kitu. Nilikuwa nafanya swali leo, nalirudia baada ya siku tatu bila kuangalia. Na kila jibu nalipima kwa akili ya kawaida. Mfano: gari la kilomita 36 kwa saa likifunga breki linasimama baada ya mita 10. La kilomita 72, kwa breki zilezile, litasimama baada ya mita ngapi? Ukijibu 20 umekariri. Ni 40, kwa sababu mwendo ukizidi mara mbili, umbali unazidi mara nne. Ukilijua hilo unaanza kuwaogopa madereva wa Hiace.

Halafu kuuliza. Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize kuliko pote.

Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba alikuwa sekondari ya Magamba, Lushoto, wanatengeneza aiskrimu. Utaratibu ulikuwa kuchemsha maziwa, kuyapooza, ndipo uyaweke kwenye friji. Nafasi ilikuwa inakwisha, akaweka yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Akamuuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Baadaye akawa shule ya Mkwawa, hapahapa Iringa, na Profesa Denis Osborne akaja kutoka Dar es Salaam kutoa mhadhara. Mpemba akasimama, akauliza lilelile. Wenzake wakamcheka. Osborne alirudi Dar, jambo likajaribiwa maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wa dunia bado wanabishana kuhusu jambo hilo, na linaitwa kwa jina la Mpemba. Na kazi aliyokuja kuifanya maishani ilikuwa ya wanyamapori. Hakuwa mtu wa fizikia, kama wewe, kama mimi.

Sikuijua habari hii nilipokuwa nachekwa. Ningeijua, ningenyoosha mkono tena wiki iliyofuata. Jamani, ulizeni! Mwalimu akikukatisha, mfuate ofisini. Ofisi ikifungwa, muulize mtu wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) kwenye kimbweta, mnunulie chapati. Usikubali kwenda kulala na swali la kidato cha pili, kwa sababu la chuo limejengwa juu yake. Vijana wengi tunapoteza miaka kwa kuogopa kicheko cha dakika moja, na hao waliocheka hawakumbuki hata jina lako.

Sapu niliifanya Septemba. Niliandika mpaka karatasi zikaisha, nikaomba nyingine. Najua nilifanya vizuri sana, lakini kwetu sapu hata ukipata zote wanakuandikia C. Hiyo C iko kwenye transkripti yangu mpaka leo na inaniuma, sitasema haiumi.

Sasa hivi nafanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa, huku Nyanda za Juu. Kila asubuhi nahakikisha maziwa yamefika nyuzi 72 na kukaa hapo sekunde 15. Mwaka jana mama aliniuliza kwa nini maharage ya shangazi yangu wa Dar yanaiva haraka na ya kwetu yanakula kuni. Nikamwambia hewa ya huku juu ni nyepesi, inayakandamiza maji kidogo, kwa hiyo Mbeya mjini, kwenye mita kama 1,700, yanatokota kwenye nyuzi kama 94 badala ya 100. Yanatokota, lakini hayana moto wa kutosha. Mama akafunika sufuria, akaweka jiwe juu ya mfuniko. Hakuna aliyemfundisha kuweka lile jiwe.

Binti wa 14 kati ya 40, ile testi usiitupe. Chukua swali la kwanza ulilokosa, andika kwa Kiswahili ulidhani kinatokea nini, chora, kisha nitumie. Nitajibu hata kama ni saa saba usiku.