Kununua na kufufua katapila kuukuu la theluji: pa kutazama kabla ya kulipa

Mtu anayetafuta katapila la theluji la zamani, yaani gari la minyororo linalotembea juu ya theluji, katika majimbo ya milimani ya Marekani kwa kawaida huanza kwa kuuliza kama injini inawaka. Nimenunua, nimesafirisha na nimefufua mashine za aina hii nikiwa ninaishi Logan, Utah, na kwa maoni yangu hilo ndilo swali la mwisho kuulizwa. Injini hupatikana. Kinachomaliza fedha ni minyororo, magurudumu yanayokimbia ndani yake, na difu inayoigeuza mashine. Ukivikuta vitu hivyo vitatu vikiwa vizima, unaweza kununua bila hofu hata mashine iliyolala porini na injini yake imeshikwa na kutu.

Nitazungumzia zaidi Thiokol Spryte, kwa kuwa ndiyo ninayoifahamu na ndiyo unayoweza kuikuta nyuma ya ghala la kampuni ya umeme au kwenye kituo cha zamani cha mchezo wa kuteleza. Duniani Thiokol inajulikana kwa injini za roketi, lakini kwa miaka mingi idara yake moja iliunda magari ya theluji hapahapa Logan. Mwaka 1978 idara hiyo iliuzwa kwa John DeLorean, yule aliyetoa gari la chuma kisichoshika kutu, ikaitwa DMC na baadaye LMC, na kiwanda kikafungwa mwaka 2000. Kwa mnunuzi maana yake ni kwamba hakuna kiwanda cha kupigia simu. Vipuri vinavyohusu mashine hiyo pekee vinatoka kwa mafundi wachache wanaovichonga upya, au kwa watu walionunua mashine mbovu ili kuzikata. Kampuni ya Tucker ya Medford, Oregon, kwa upande wake, bado inaunda makatapila yake ya Sno-Cat mpaka leo, na jambo hilo linamfaa mwenye mashine yao kuukuu. Ila bei ya Sno-Cat za zamani ina sifa ndani yake: Sno-Cat nne zilikuwamo katika msafara wa mvumbuzi Mwingereza Vivian Fuchs uliokatiza bara la Antaktika mwaka 1957 na 1958 kwa siku 99, na tangu hapo watu hulipia rangi ya chungwa pamoja na chuma. Bombardier B12 ya Quebec, Kanada, gari jingine kuukuu la theluji lenye bodi ya mbao na skii mbele, ni nzuri kwa macho, lakini anayeichukua ajue kwamba amejichukulia kazi ya useremala.

Spryte nyingi hazina usukani. Dereva hushika fimbo mbili, na fundi yeyote aliyewahi kuendesha katapila la zamani la kuchonga barabara ataelewa mara moja. Difu yake ni ya aina iliyotokana na matrekta ya Cletrac, kampuni iliyonunuliwa na Oliver mwaka 1944, na ndiyo sababu mafundi wa huku huzitaja difu hizi kwa herufi OC. Ukivuta fimbo ya kushoto, bendi ya breki ndani ya difu hubana dramu ya upande huo. Mnyororo wa kushoto hupunguza mwendo, wa kulia huongeza, na yote miwili huendelea kusukuma. Kwa hiyo mashine hii haiwezi kuzunguka ikiwa imesimama mahali pamoja, na muuzaji akikuambia kwamba kutogeuka ikiwa imesimama ni ubovu mdogo wa kurekebisha, ujue hajui anachokiuza. Ubovu wa kweli ni pale unapovuta fimbo mpaka kifuani nayo inaendelea mbele moja kwa moja. Hapo huenda bendi zinahitaji kukazwa tu, kazi ya muda mfupi, au huenda zimekwisha kabisa na dramu zimechimbika, kazi ya kufungua difu nzima.

Namna ya kutofautisha hali hizo mbili ni kuitazama oili. Bendi hizi hufanya kazi zikiwa zimelowa ndani ya oili ya difu, kwa hiyo yote yanayotokea humo huacha alama katika oili hiyo. Fungua nati ya chini kidogo, acha itoke kiasi kwenye chombo safi, ipake kati ya vidole. Oili nyeupe ina maji, jambo la kawaida kwa mashine iliyokaa nje misimu mingi, nalo si la kukimbiza mtu ikiwa chuma hakijaliwa. Chembe za chuma zinazong'aa ni habari nyingine: humo ndani chuma kinalika, na difu itabidi ifunguliwe. Muuzaji akikataa usifungue nati hiyo, punguza bei katika akili yako kwa kiasi cha difu nyingine, kisha uendelee na mazungumzo.

Baada ya difu, lala chini. Mnyororo wa Spryte ni mikanda ya mpira iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, vimepangwa kama mataruma ya reli, na kila taruma limefungwa kwenye kila mkanda kwa bolti na bamba la nyuma. Tazama mpira kandokando ya matundu ya bolti: nyufa ndogo za juu zinazotokana na jua zinaweza kuvumiliwa, bali tundu lililorefuka au nyuzi za ndani zinazoonekana zinakuambia kwamba mkanda utakatika, na utakatikia mbali na barabara. Hesabu mataruma yaliyopinda na yaliyochomelewa zamani, kwa kuwa taruma lililopinda hulisukuma gurudumu pembeni na mnyororo huvuka, yaani hutoka kwenye magurudumu yake. Shika kila gurudumu kwa mikono miwili ulitikise. Likicheza, beringi zimekwisha au ekseli imelika. Mwisho tazama meno ya sproketi nyuma. Mikanda mipya inaweza kukatwa kutoka mpira wa mikanda ya kubebea mizigo viwandani, yenye nyuzi nyingi na isiyovutika, na wapo wanaoikata na kuitoboa kwa vipimo, lakini ongeza hapo mamia ya bolti na mabamba, na utaona kwa nini mnyororo mchovu unaweza kugharimu kuliko mashine uliyoinunua.

Injini, sasa. Spryte nyingi zina Ford ya silinda sita, na ukibahatika kukuta ile ya inchi za ujazo 300, iliyoundwa kuanzia 1965 hadi 1996, vipuri vyake viko katika duka lolote la spea mjini. Shida yake ni mahali ilipokaa: iko ndani ya kabini, kati ya dereva na abiria, chini ya kifuniko cha bati. Inawapa joto, na wakati huohuo gasketi ya ekzosi ikivuja, hewa ya sumu inaingia moja kwa moja mahali mnapopumulia, na madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Kabla hujatumia senti moja kwenye rangi, kagua bomba la ekzosi kutoka kwenye injini mpaka mwisho wake, rudishia sili za kifuniko hicho, funga king'ora cha kaboni monoksaidi karibu na kichwa cha dereva, na weka mtungi wa kuzimia moto mahali unapoufikia bila kuinuka.

Karatasi zisipuuzwe. Mashine iliyotoka serikalini huja na fomu iitwayo SF 97, inayotumika kuombea hati ya umiliki, nayo ikipotea usumbufu ni mkubwa. Kwa mashine ya mtu binafsi, mara nyingi hakuna hati yoyote. Andikianeni mkataba wa mauzo wenye namba ya mashine iliyonakiliwa kutoka kwenye kibati chake, si kutoka kwenye tangazo, halafu uliza katika jimbo lako magari ya theluji husajiliwaje. Na ukiweza, nunua kiangazi. Desemba theluji ikishaanguka kila mtu anakumbuka kwamba alikuwa anataka katapila.

Usafiri upangwe kabla ya malipo. Jambo linalowakwamisha watu wengi ni upana. Tela la kawaida la kubebea gari lina nafasi ya inchi 82 au 83 hivi kati ya madigadi yake, na Spryte nyingi hazipiti hapo. Unahitaji tela ambalo sakafu yake iko juu ya magurudumu. Pima mwenyewe kutoka ukingo wa nje wa mnyororo mmoja hadi wa mwingine, kwa sababu mashine za modeli moja zilifungwa minyororo ya upana tofauti na wamiliki wamebadilisha mengi tangu hapo. Ikizidi inchi 102, yaani sentimita 259, umeingia katika mzigo mpana unaohitaji kibali. Uzito wake ni wa kuanzia tani mbili hivi, ukiongeza tela unapita uwezo wa gari dogo, na breki za tela ni lazima ziwe zinafanya kazi. Ukimtumia dalali wa usafirishaji, mwandikie waziwazi kama mashine inawaka, kama inavutika kwa winchi, na kama inaweza kushika breki. Dereva akifika akakuta sivyo, ataondoka na malipo ya safari utayadaiwa.

Kuipandisha ndiyo dakika ya hatari zaidi katika biashara yote hii. Mataruma ya chuma juu ya ngazi za chuma hayashiki kitu, hasa kukiwa na umande au theluji. Weka mbao nene juu ya ngazi. Panda moja kwa moja, kwa gia ya chini, na usiguse fimbo ukiwa katikati, kwa kuwa kugeuza kidogo tu hapo huitupa mashine pembeni. Isiyowaka ivutwe polepole kwa winchi, na asisimame mtu nyuma yake wala kando ya kamba. Sehemu kubwa ya uzito, kiasi cha asilimia 60, ikae mbele ya ekseli za tela, la sivyo tela litaanza kuyumba ukishika mwendo. Ifunge kwa cheni nne za daraja la 70 zikivuta kwenye fremu, kamwe si kwenye mnyororo, kwa kuwa mnyororo na magurudumu yake hubonyea na cheni hulegea njiani. Funga milango kwa kamba, toa au zuia madirisha yanayotikisika na kifuniko cha paa. Upepo wa mwendo wa barabara kuu ni kitu ambacho mashine hii haikuundiwa. Nilipoteremka na mzigo kutoka Montana kwa barabara kuu ya I-15, kupitia Monida Pass, kipito cha mlimani kilicho zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nilisimama mara ya kwanza baada ya kilomita chache tu kukaza cheni, na zilikuwa zimelegea kama nilivyotarajia. Ukipita barabara iliyomwagwa chumvi, ioshe mashine kabla ya kulala.

Ikishafika nyumbani, zuia mikono. Hamu ya kuifungua yote, kupaka rangi fremu na kuanza upya ndiyo inayojaza mashamba ya watu kwa mashine zilizofunguliwa nusu na wenye nazo wamekwisha sahau bolti ipi ni ya wapi. Piga picha, weka bolti za kila sehemu katika mfuko wenye jina, na ufanye kazi ya mfumo mmoja mpaka uishe. Mimi huanza na mafuta: petroli iliyokaa miaka hugeuka utomvu, kwa hiyo tangi lishushwe na kusafishwa, mipira yote ya mafuta ibadilishwe kwa ile inayohimili ethanoli, na kabureta ifunguliwe. Injini iliyokwama itolewe plagi, imwagiwe ndani ya silinda mchanganyiko wa oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, iachwe kwa siku kadhaa, kisha izungushwe kwa mkono. Usiilazimishe kwa stata. Ndipo zifuate breki, difu, mfumo wa kupoza, na nyaya za umeme, ambazo katika mashine za milimani zimeunganishwa na watu wengi waliokuwa na haraka na baridi vidoleni.

Beringi na sili zisikutishe hata kama hakuna anayeuza "za Thiokol". Zilinunuliwa kutoka kwa watengenezaji wa kawaida, na namba imegongwa kwenye chuma chenyewe. Isafishe, isome, ipeleke kwenye duka la beringi. Ukirudishia minyororo, usiikaze kupita kiasi kwa kudhani inayolegea ndiyo inayovuka: iliyokazwa mno hula beringi na meno ya sproketi, na nguvu ya injini inaishia humo. Baada ya matembezi ya kwanza kaza bolti zote za mataruma upya, na baada ya ya pili pia. Usigeuze kwa kukata kona kali juu ya lami au kokoto, hata kwa kujionyesha kwa majirani.

Na usiku wa baridi egesha juu ya mbao, kwa sababu minyororo iliyolowa ikiachwa kwenye udongo hugandana nao, na anayejaribu kuinasua asubuhi kwa nguvu za injini huvunja jino la sproketi kabla ya kuvunja barafu. Gonga barafu kwa nyundo ya mpira kuzunguka kila gurudumu, isogeze nyuma kidogo, mbele kidogo, halafu ondoka.